Ka mahjong ka DS: mchezo muzuri, batri ya bure

Nilitoa dola 25 pa Birere, DS Lite ya okazyo, ka mashini ka Nintendo ka kuchezea mu mukono, na kaseti ya mahjong ndani yake. Mwenye kuuzisha aliapa batri inashika siku mbili, uongo mutupu, masaa tatu tu na ka taa kekundu kanawaka, na hapa Goma kuran ikienda haisemi itarudi saa ngapi. Lakini mchezo wenyewe sijajuta.

Ile mahjong ya Wachina banacheza watu wane ku meza, hii hapana, hii ni wewe peke yako na vikaro 144 vimelaliana kama mugongo wa kobe. Unatafuta viwili vya kufanana, unagusa na ka stilo, vinaondoka. Kikaro kisikuwe na kingine juu, na upande moja, kushoto ao kuume, ukuwe wazi, basi. Nikasema hii ni ya batoto. Weee!

Kila picha iko mara ine. Unaona mbili ziko wazi, unatoa mbio mbio, kumbe ya tatu njo imelalia ya ine, umekwisha kufunga mulango na wewe uko ndani. Sasa minaanzaka na mistari mirefu ya pembeni na kale ka juu kabisa, picha yenye nimeona mbili tu minaachaka kwanza. Ila vikaro vya maua na vya misimu njo havina pacha, ua lolote linaenda na ua lolote, mi nilipoteza siku mbili natafuta ua la kufanana, nilizani kaseti ni mbovu.

Mwenye alitunga hii ya mutu moja, Brodie Lockard wa Marekani, alikuwa amepooza, aliiandika ku kompyuta mu 1981 akigongaka na kafimbo ku kinywa. Mi na vidole vyote kumi nakwama.

Chenye sikupenda ni ekrani, kadogo sana, na vikaro vya maandishi ya Kichina, vile vinaitwa wan, havina ka namba pembeni, wan sita na wan nane usiku zinakuwa kitu kimoja. Musiki nilizima siku ya kwanza. Kucheza na saa pia sipendi, inaleta presha ya bure.

Kama unapata ya dola 20 beba, ila jaribu batri palepale mbele ya muuzishaji, na nyumbani ficha. Ndugu yangu mukubwa anakuyaka "lete nikumalizie," anarudisha imekufa.