Uzoefu wangu: niliagiza upinde wa paundi 35, nikaletewa wa 50 na kejeli juu yake

Naandika hii bado nina hasira kidogo japo mambo yenyewe ni ya tangu mwaka jana kipindi cha mvua, kwa hiyo mkiona naruka ruka mnivumilie. Duka silitaji jina, ni la mtandaoni, jamaa yuko Dar na mzigo anautuma kwa basi. Mi niko Tabora, Ipuli. Na kabla hamjaanza, siwindi, msiniletee maneno ya maliasili, napiga gunia la pumba za mpunga nyuma ya nyumba basi.

Sasa ilikuwa hivi. Niliagiza upinde wa mbao ule wa kufungua vipande vitatu, mpini wa katikati na yale mabawa mawili ya kupinda yanayofungwa kwa bolti. Nikasema wazi nataka paundi 35, yani nguvu ya kuvuta kamba, na mishale ya kuendana nayo, nikarudia mara mbili kwa simu maana nawajua hawa watu. Hela niliyotoa hapa Tabora napata mbuzi watatu wa maana na chenji ya kamba. Mzigo umefika stendi, nimefungua boksi palepale kwa furaha kama mtoto, bawa la chini limeandikwa 50. Nikasema labda naona vibaya, nikampa konda asome. Konda akasoma hamsini.

Nikapiga simu. Salamu tu hakuitikia vizuri. Nikamwambia kaka umenitumia 50, mi niliagiza 35. Akanijibu, namnukuu neno kwa neno maana silisahau, "35 ni ya watoto wa shule, upinde mzito ndio unanyoosha mshale, kama mkono unatetemeka kamwambie mama akukorogee uji kwanza." Halafu akakata. Mimi! Mtu mzima na watoto watatu, mama yangu mwenyewe anakorogewa uji na wajukuu. Nikapiga tena hapokei. Jioni akatuma ujumbe wa sauti dakika nzima, oh mzigo ukishapanda basi haurudi, oh Waingereza wa zamani kwenye ile meli yao ya Mary Rose iliyozama 1545 walikuwa na pinde za zaidi ya paundi 100 na walikuwa wanaume. Sawa baba, pinde zile zipo kweli, meli ilinyanyuliwa baharini 1982 na watu wamezipima. Lakini wale walianza kuvuta wakiwa watoto wadogo, wanaongezewa uzito kidogo kidogo mpaka mifupa ya mabega ya baadhi yao ikaonyesha. Mi bega langu lilikuwa linabeba laptop.

Nikajikaza nikajaribu. Hatua kumi na tano, gunia kubwa hilo. Wiki mbili nzima nilikuwa nalikosa gunia lenyewe, sio kitovu, gunia. Navuta, kamba kabla haijafika pembe ya mdomo mkono wa kushoto umeshaanza kutetemeka, vidole vinaungua, naachia tu ili mateso yaishe. Siku moja naachia kidevuni, siku nyingine nikiwa na nguvu inafika shavuni, na mshale uliovutwa pungufu unashuka chini na uliovutwa vizuri unapita juu, sasa utajifunza nini hapo? Mbaya zaidi ile mishale mingi ilikuwa inakwenda kulia. Kulia kuna mwembe wa mama jirani. Hii miembe ya Tabora ni minene mnaijua, mishale ikiingia pale unaing'oa kwa koleo. Mama jirani akaanza kuhesabu kila mshale, akitoka kanisani anauliza leo mwembe umepigwa mingapi.

Kumbe hilo la kulia lina sababu yake na lilinichukua muda kulijua. Mishale aliniletea kweli ile ya paundi 35, yani hapo alinisikiliza, upinde ndio akakaidi. Sasa mshale ukisukumwa unajipinda kwanza ndio unanyooka ukiwa njiani, ukiwa laini kuliko nguvu ya upinde unajipinda kupita kiasi, na kwa anayevuta kwa mkono wa kulia kama mimi unaishia kulia. Kwa hiyo hata siku ambayo ningevuta kama malaika bado mwembe ungenisubiri. Na ni hatari, wa mbao ukiwa laini sana unaweza kukatika ukakuchoma mkono. Yeye muuzaji si ndiye mtaalamu, hakujua?

Nikaenda buchani. Msicheke. Nilitaka kujua navuta kilo ngapi hasa, na mwenye bucha ana ile mizani ya kuning'iniza yenye ndoano. Nilifunga uzi mwekundu kwenye mshale inchi 30, ndio mvuto wangu, yani umbali ninaoivuta kamba, maana mikono yangu mirefu, tukaning'iniza mizani kwenye boriti, kamba ya upinde tukaipachika kwenye ndoano, mi nikaushika mpini nikauvuta chini polepole huku yeye anaangalia uzi na mshale wa mizani. Watu wa utumbo wamesimama foleni wanatazama. Akasema ishirini na tano. Rudia. Ishirini na tano. Jamani hizo ni paundi 55! Kumbe ile namba ya kwenye bawa inapimwa kwa mvuto wa inchi 28, kila inchi unayozidisha inaongeza paundi kama mbili au tatu. Nusu mfuko wa saruji kwa vidole vitatu, na niliagiza 35. Mwenye bucha akauliza, "Sasa bosi na hapo ndio unataka ulenge?"

Ndio swali hilo. Wale wa Olimpiki wanaopiga mita 70, wanaume, wengi wanacheza kwenye 45 mpaka 50 hivi, na ndio kazi yao kila siku, halafu mimi wa kupiga jioni baada ya kazi nipewe 55 na mtu aniambie uji.

Nyumba ya tatu kutoka kwangu kuna mzee, zamani alikuwa mrina asali huko Sikonge. Asubuhi moja akaja na upinde wake wa mti wa mkole, mwepesi mkononi kama fimbo ya kuchungia. Tukasalimiana mwangaluka, mwangaluka, akaukamata wangu, akauvuta mpaka kifuani, akaurudisha taratibu bila kuachia, akaniuliza unataka kuua nyati? Kisha akachukua wake akapiga kopo la maziwa hatua kama ishirini, mara mbili, anavuta na kuachia palepale hakai hata kidogo. Nikasema basi jibu ndio hili, upinde mwepesi. Nikauomba.

Na hapa ndipo nilipochanganyikiwa. Kuvuta raha, kama siagi. Lakini mishale yangu ikatawanyika juu, chini, kushoto! Kwa sababu ule upinde hauna uzito wowote mkononi, kila ninapokaza kiganja au kushtuka wakati wa kuachia na wenyewe unageuka. Mzee hashtuki, mi nashtuka. Ule wangu wa dukani mpini wake ni mbao nene nzito, ukiunyanyua unatulia, haufuati kila ujinga wa mkono. Kwa hiyo kuna uzito wa kamba na kuna uzito wa mkononi, vitu viwili kabisa, na mi miezi yote nilikuwa nauita "mzito" kama kitu kimoja. Wale wa Olimpiki mbona wanaufungia upinde vyuma na vijiti mbele, si wanautafuta uzito huo huo.

Nikaagiza mabawa mengine kwa fundi mwingine, yameandikwa 30. Huyu kabla hajapokea hela aliniuliza urefu wa mvuto wangu, nusura nilie. Nikayafunga kwenye mpini uleule wa yule mwenye uji. Kwa mkono wangu inakuja kama 34, 35. Wiki ya kwanza tu mishale sita ikakaa ndani ya sahani ya wali, hatua kumi na tano, na mwembe ukapumzika. Mama jirani akaja kuuliza kama nimeacha.

Sasa itabidi niseme ukweli japo unaniuma. Mpini wa yule jamaa ni mzuri. Ni mzuri sana, umechongwa vizuri, bolti hazilegei, umelowa mvua mara mbili haujafanya kitu. Ningekuwa natoa nyota kwa mbao ningempa zote. Na lingine, baada ya miezi kadhaa ya 30 nilirudisha yale mabawa ya 50, na mishale migumu ya kuazima, nione tu. Mishale mitatu ya kwanza iligusana. Nasema iligusana, ilinyooka hewani kama uzi, hata ukikosea umbali kidogo haushuki sana, na kamba nzito inatoka vidoleni safi kuliko nyepesi. Kwa hiyo alichosema kuhusu kunyoosha mshale hakikuwa uongo. Nilikaa pale nimekasirika kuliko siku ya simu. Halafu wa nne ukapotea, wa tano gunia pembeni, wa sita siwaambii ila mama jirani aliusikia.

Basi yuko sahihi kwa mishale mitatu. Kwa mtu aliyeanza na 50 yuko sahihi kwa mishale sifuri. Huduma yake ni mbovu, lugha yake mbovu, hajaomba radhi mpaka leo, na juzi kanitumia ujumbe eti kaka vipi mzigo uliupenda, tuandikie maoni mazuri. Ndio haya.

Mabawa ya 50 nayauza, hayana mkwaruzo. Anayeyataka aje Ipuli ila anitumie kwanza urefu wa mvuto wake, na tutapitia buchani tupime, asubuhi kabla foleni ya utumbo haijaanza.