Uzoefu wangu: miezi kumi na moja na baiskeli ya kaboni niliyoifunga mwenyewe

Nianze na mizani, maana ndiyo iliyoniumbua. Baiskeli yangu ya zamani, ya aluminiamu, yenye shokapu ya mbele tu, ina kilo 14.1. Hii mpya, fremu ya kaboni, shokapu mbele na nyuma, ina kilo 13.4. Tofauti ni gramu 700. Siku ya kwanza ya mvua kule msitu wa Olmotonyi nilirudi nyumbani na tope zaidi ya hilo kwenye matairi peke yake.

Sijutii. Ila nilidhani nanunua kaboni, kumbe nilichokuwa nakihitaji ni shokapu ya nyuma. Hayo ni mambo mawili tofauti, na yana bei mbili tofauti.

Naishi Arusha, upande wa Ilboru. Kwa asiyepajua: mji uko mita kama 1,400 juu ya usawa wa bahari, na Mlima Meru wenye mita 4,566 umetukalia utosini. Njia ninazopita si za baiskeli, ni za watu: akina mama wanaoshusha kuni na majani ya ng'ombe, punda, na pikipiki ambazo masika zinachimba mtaro katikati ya njia. Kiangazi mtaro ule unajaa vumbi la majivu ya volkano, laini kama unga wa muhogo, na chini ya vumbi kuna mawe usiyoyaona. Baiskeli isiyo na shokapu nyuma inayapokea yote na kukukabidhi kiunoni. Nina miaka 41, na mradi huu wote ulianzishwa na kiuno.

Fremu niliagiza China, mtandaoni, isiyo na jina. Ziko karakana zinazofinyanga fremu kwa moldi moja na kuuzia wengi, kila mtu anabandika nembo yake. Yangu haina nembo, nyeusi tupu, na wanaoniuliza "hiyo ni ya kampuni gani?" bado sijawapatia jibu zuri. Kabla ya kulipa nilikazania vitu viwili. Vikombe vya krenki, vile vinavyoshika beringi za ekseli ya pedeli, viwe vya kukaza kwa hesi, si vya kugongelewa ndani ya fremu, kwa sababu vya kugongelewa vikianza kulia utahangaika na nyundo na maombi. Na hanga ya gia ya nyuma iwe ya aina ya UDH, yaani hanga moja inayoingia fremu za kampuni nyingi, ile iliyotolewa na kampuni ya vipuri ya SRAM mwaka 2019 na kukubaliwa na watengenezaji wengi. Hanga ndicho kile kipande kidogo kinachokubali kupinda ili fremu ipone. Kikipinda huku kwetu, usiwe na kile ambacho kiwanda kimoja tu duniani ndicho kinakitengeneza.

Fremu pamoja na shokapu yake ilinigharimu milioni mbili na laki moja. Uma wa mbele niliupata wa mtumba, na magurudumu nayo mtumba. Gia ni Shimano Deore za spidi 12, breki za mafuta, nguzo ya kiti inayopanda na kushuka kwa kitufe. Ukijumlisha vyote ni karibu milioni sita, bila ushuru. Mama watoto aliuliza swali moja tu: "Hiyo si ni pikipiki mbili?" Ni kweli, ni pikipiki mbili. Ushuru nisiuzungumzie, bado haujanitoka moyoni. Na muuzaji alisahau boliti moja ya bawaba ya nyuma. Ilichukua wiki tano na picha nyingi kumshawishi kwamba haipo kwenye boksi. Fundi mmoja wa mashine ya kukereza alijitolea kunichongea nyingine siku hiyo hiyo. Nilikataa. Boliti ile ndiyo inayoshika nusu ya baiskeli.

Kufunga, sasa. Nilijipa Jumamosi mbili, zikawa sita.

Kitu kilichonila siku nzima ni waya kupita ndani ya fremu. Kwenye picha za matangazo unaona zinaingia kichwani na kutokea nyuma kama nyoka aliyefunzwa. Ndani ya fremu yangu hakukuwa na kijibomba cha kuziongoza, ni pango tu. Nilisukuma, nikavuta, nikatukana. Jioni mwanangu wa darasa la sita akaniletea sumaku aliyoitoa kwenye spika mbovu. Tukaingiza kipande cha waya wa kufungia nondo, tukaiburuta sumaku nje ya fremu polepole, na waya ndani ukaifuata hadi ukachungulia kwenye tundu la chini. Kaboni haiizuii sumaku. Mpira wa mafuta ya breki tukaufunga nyuma ya waya ule kwa uzi na gundi kidogo, tukauvuta. Dakika kumi. Kijana akadai soda mbili, akapewa.

Kaseti ya Deore, yaani rundo la meno ya nyuma, yenye meno 10 hadi 51 haikukaa kwenye haba zangu za mtumba, ule moyo wa gurudumu. Meno 10 ya Shimano yanataka haba ya muundo wao mpya, Micro Spline, na zangu ni za aina ya zamani, ambazo zinaanzia meno 11. Badala ya kununua haba nyingine nikatafuta kaseti ya SunRace ya 11 hadi 51, ni ya spidi 12 na inaingia bila ugomvi. Nilichopoteza ni gia moja ya kukimbilia kwenye lami, na mimi lami naitumia kuvukia tu.

Kosa langu kubwa lilikuwa cheni. Niliipima kama nilivyozoea kwenye baiskeli ya zamani, nikakata. Sasa, kwenye baiskeli yenye shokapu nyuma, gurudumu linapopanda juu linasogea pia mbali kidogo na krenki, na cheni inavutwa. Ilitakiwa nitoe upepo wote kwenye shokapu, niikalishe mpaka mwisho, halafu ndipo nipime cheni kwenye meno makubwa ya nyuma. Sikufanya hivyo. Wiki ya pili, nikiwa kwenye gia nyepesi kabisa, nikatumbukia kwenye mfereji juu ya Ngaramtoni, shokapu ikakaa yote, na nyuma kukatoka sauti kama ya tawi linavunjwa. Hanga ikapinda, gia ikaangalia spoku. Nilishuka kilomita nne nikiisukuma, na kila mtoto niliyempita alisema "pole babu". Nikanunua cheni nyingine.

Halafu kuna suala la kukaza. Kaboni haipendi mikono ya fundi wa malori. Boliti za kushikilia usukani wangu zimeandikwa newtoni-mita 5, na 5 ni kidogo mno, mkono wa mtu mzima unazidisha bila kujua. Nilienda gereji kuazima spana ya kupimia nguvu. Ya kwao ilikuwa inaanzia 40, ni ya tairi za gari. Nikaagiza ndogo ya 2 hadi 24. Ni laki na nusu iliyoniuma, lakini ukifunga kaboni bila spana hiyo unacheza kamari na mfupa wa bega.

Baada ya hapo ukaja mlio.

Ulianza mwezi wa tatu. Kri, kri, kri, kila nikikanyaga pedeli kupanda kilima. Kila niliyemuuliza alinipa jibu moja: fremu imepasuka, hizo plastiki za Kichina ndivyo zilivyo. Nililala vibaya siku kadhaa. Nikaivua yote, nikapaka grisi kila bawaba, nikaikaza tena. Kri, kri, kri. Mwishowe nikaipeleka kwa mzee mmoja anayetengeneza baiskeli karibu na Soko la Kilombero, mtu wa baiskeli za chuma za Phoenix na Avon, ambaye sidhani kama alikuwa ameshawahi kushika kaboni.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Hii chuma gani?"

"Si chuma, mzee. Ni kaboni."

Akaibonyeza kwa kidole gumba, akanusa, akacheka. Nikamweleza kwamba naogopa ina ufa. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa sarafu ya shilingi mia mbili, akaanza kuigonga fremu kuanzia kichwani, polepole, kila sentimita mbili. Ti, ti, ti.

"Mkeo akinunua chungu anafanyaje?"

"Anakigonga."

"Ehee. Chungu chenye ufa hakijibu, kinakohoa."

Akaimaliza fremu nzima, pamoja na mikono ya nyuma, hadi chini ya krenki ambako mawe hurukia. Hakuna mahali ilipokohoa. Baadaye nilikuja kusoma kwamba ndivyo wanavyofanya hata wakaguzi wa kaboni wenyewe, kwa sarafu vile vile: sauti ikibadilika na kuwa nzito, tabaka za ndani zimeachana. Mzee hakuwa amesoma popote. Kisha akaniambia nipande, nizunguke uwanja mara mbili, mara ya kwanza nimekaa, mara ya pili nimesimama kwenye pedeli.

"Inalia ukikaa, hailii ukisimama," akasema. "Mgonjwa si fremu, mwanangu. Ni kiti."

Nguzo ya kiti ilipochomolewa ilitoka na uji mweusi. Nilikuwa nimeipaka grisi. Kwenye kaboni hupaki grisi hapo, unapaka losheni maalumu yenye chenga kama mchanga laini, ili nguzo ishike bila kukazwa sana. Grisi yangu ilikuwa imekaribisha vumbi la Olmotonyi, nguzo ikawa inateleza, na mimi kila wiki nazidi kukaza nikipitisha kipimo. Kama ningeendelea, ufa nilioambiwa ningeupata kweli. Mzee alitaka kuosha kwa petroli, nikamwomba tutumie spiriti. Akanidai shilingi elfu mbili. Mlio haujarudi tangu siku hiyo.

Sasa kuhusu kuiendesha, maana ndicho mnachotaka.

Miezi miwili ya kwanza sikuipenda, na kosa lilikuwa upepo. Nilikuwa nimejaza shokapu ya nyuma hadi ikawa ngumu kama benchi la kanisa, nikidhani ngumu ndiyo nzuri ya kupandia. Kuna kiringi cha mpira kwenye fimbo ya shokapu. Unavaa nguo zako na begi lako, unakisogeza hadi juu, unakaa taratibu bila kuruka, unashuka, unapima kimesogea kiasi gani. Fimbo yangu ina mwendo wa milimita 50, kwa hiyo nataka isogee 15 hivi. Ilikuwa inasogea 7. Nilipopunguza hadi psi 180, nikiwa na kilo 82 pamoja na maji, nikapata baiskeli nyingine kabisa. Uma wa mbele nauacha uzame karibu robo ya mwendo wake. Na mnunue pampu ya shokapu yenyewe. Chumba cha upepo ni kidogo na presha ni kubwa, kompresa ya gereji haiwezi kazi hiyo.

Kuna mteremko mmoja ndani ya msitu wa Olmotonyi, kwenye misonobari, mizizi imelala njia nzima kama mishipa ya mkono wa mzee. Kwa baiskeli ya zamani nilikuwa nashuka nimesimama, meno yamekazwa, breki zimeshikwa, na bado gurudumu la nyuma lilikuwa linarushwa pembeni. Kwa hii, gurudumu linafuata ardhi. Ukiwa juu unaona magoti yanacheza lakini kichwa kimetulia, unaona mbele, na ukiona mbele huhitaji breki nyingi hivyo. Kupanda nako kulinishangaza: pale ambapo nyuma ilikuwa inaruka kwenye mzizi na kupoteza mshiko, sasa inazama, inashika, inasonga. Kwenye lami na barabara pana ya kokoto ni kinyume. Inadunda kidogo kila ukikanyaga, na usipoifunga shokapu kwa kile kiswichi chake unajihisi unaendesha godoro.

Tairi ni za inchi 29 kwa 2.4, bila tyubu, psi 21 mbele na 24 nyuma. Miiba ya migunga upande wa kuelekea Namanga imenitoboa mara nyingi nisizozijua. Nagundua nyumbani, nikiona dawa nyeupe iliyo ndani ya tairi imeziba tundu yenyewe. Ila kwa ukame wetu dawa inakauka ndani ya miezi miwili au mitatu, tingisha gurudumu usikie kama bado kuna maji. Chini ya fremu nimebandika kipande cha tyubu ya lori kwa solusheni ya pancha. Hakina urembo wowote. Kina makovu kumi na manne ya mawe hadi leo, nimeyahesabu, na kaboni chini yake ni laini kama ilivyotoka kwenye boksi.

Masika yaliua beringi mbili za bawaba ya chini. Msiagize China: namba imeandikwa pembeni ya beringi, zangu ni 6902, yaani milimita 15 ndani, 28 nje, upana 7, na duka la kawaida la beringi za mashine wanazo. Chukueni zenye mpira pande zote mbili.

Ningenunua tena? Fremu ya shokapu mbili, ndiyo, kesho. Ya kaboni, hapana, ningechukua ya aluminiamu, na pesa inayobaki ningeweka kwenye uma bora na magurudumu mapya. Kilo moja au chini ya hapo hainitoi jasho kama lile la kuiegesha mahali. Mpaka leo sijawahi kuiacha nje ya duka hata dakika tano, na nikienda Kilombero kwa mzee kumpelekea beringi ya ziada naenda na ile ya zamani.