Matairi ya tyublesi kwa njia za Kigoma: nini kinunuliwe kwanza

Kwenye vijia vya mashamba ya kahawa kule Kalinzi jiwe lilinichana tairi la nyuma la baiskeli. Maji meupe, ile dawa ya kuziba matundu inayokaa ndani ya tairi, yakaruka mpaka mgongoni. Nikasimama, nikazungusha gurudumu hadi tundu likawa chini, upepo ukatoka fyuuu, ukapungua, ukakata. Nikaongeza upepo kidogo nikaendelea kushuka. Kwa tyubu ningekaa kivulini na kiraka na solusheni, nikisubiri ikauke.

Ndiyo maana nasema kwa moyo wote: ukiwa na baiskeli ya milimani, hamia tyublesi, yaani tairi lisilo na tyubu ndani. Ila wengi huanzia kwenye rimu mpya inayong'aa, pesa ikaishia hapo. Mpangilio wangu ni huu.

Nafasi ya kwanza naipa tairi la nyuma. Ndilo linalobeba uzito na kugonga mawe. Chukua lililoandikwa ubavuni TR, TLR au Tubeless Ready, lenye ubavu mnene, upana wa inchi 2.3 au 2.4 kama fremu inaruhusu. Tairi jepesi la mashindano ni tamu kupanda, lakini mawe yetu hulichana ubavu, na dawa haizibi mchano mrefu. Kwa mbele taka kashata (meno ya tairi) ndefu zilizoachana, zisishikwe na tope la masika. Nyuma hata kashata fupi zinatosha.

Kabla ya kulipa soma namba ya milimita, kwa mfano 57-622. Ya pili ndiyo kipenyo cha mahali tairi linapokaa: 559 ni inchi 26, 584 ni 27.5, 622 ni 29. Usikubali kuambiwa "hili ni ishirini na nane, litaingia." Tairi la 28 la baiskeli za mtindo wa Phoenix ni 635, halikai kwenye rimu ya 622. Mimi niliamini neno la muuzaji, nikabeba tairi hadi nyumbani, likawa halina kazi.

Ya pili ni kipimo cha upepo, na hapa sibishani na mtu. Pampu ya mguu yenye mshale hudanganya chini ya PSI 30, na sisi tunaishi humo humo. Kwa mtu wa kilo 70 hivi na tairi la 2.3 au 2.4, anza na 21 mbele na 24 nyuma. Tairi likiruka-ruka juu ya kokoto, punguza PSI moja moja. Ukisikia rimu ikigonga jiwe, "ko!", au tairi likilala upande ukikata kona, rudisha mbili. Ukibeba mzigo, ongeza nyuma. Wa Tabora, kwenye mchanga ule mzito, mnaweza kushuka kidogo zaidi, kwa kuwa mawe ya kugonga rimu ni machache.

Ya tatu ni dawa, utepe na valvu. Utepe uwe mpana kiasi cha kufunika sakafu yote ya ndani ya rimu. Wa umeme wa kawaida huachia kwa joto. Kama tundu la rimu ni lile pana, nunua valvu nene kama ya pikipiki, ili fundi yeyote wa bodaboda aweze kukujazia. Utamhitaji huyo mwenye kompresa siku ya kwanza: paka mapovu ya sabuni kwenye mdomo wa tairi, toa moyo wa valvu (kile kipini cha ndani kinachozuia upepo), upepo uingie kwa kishindo mpaka usikie "pa! pa!" likikaa. Asipite namba ya juu iliyoandikwa kwenye tairi au kwenye rimu, hata akiwa na haraka. Dawa weka mililita 100 hivi kwa tairi la 29, na ukague kila baada ya miezi miwili. Kwa joto letu hukauka mapema, ukifungua unakuta ngozi ya mpira tu.

Rimu ni ya mwisho. Kama yako ni ya aluminiamu, haijapinda, na upana wake wa ndani ni milimita 25 hadi 30, ibakize. Ukilazimika kununua, chukua ya aluminiamu yenye upana wa 30. Ikibonyea, fundi mzuri anaweza kuinyoosha; ya kaboni ikipasuka imekwisha.

Tyubu moja ibaki begini kwa ajili ya ule mchano usiozibika. Siku utakapoitumia, pitisha kwanza vidole polepole ndani ya tairi na ung'oe miiba yote. Dawa ilikuwa ikiificha kwa miezi, na kila mmoja bado una ncha.