Uzoefu wangu na kliniki ya fiziotherapia (tiba ya mazoezi) kwa maumivu sugu ya mgongo, Mbeya

Nauza viazi Uyole. Mgongo ulinishika nikipakia lumbesa na haukuachia. Diklofenaki, dawa ya maumivu, nimemeza mpaka tumbo likagoma, kuchuliwa ndiyo usiseme. Hospitali ya kwanza walinipiga MRI, picha ya ndani ya mwili, wakasema pingili zimechakaa, nisibebe kitu tena. Muuza viazi asipobeba atakula nini?

Kliniki hii jina silitaji, msije mkasema nimelipwa. Kikao cha kwanza dada wa mazoezi aliongea tu, nikanuna. Hela yangu nimelipia maneno? Lakini maneno yenyewe ndiyo yaliyonisaidia. Kwanza, pingili zilizochakaa hukutwa hata kwa watu wasioumwa popote, na umri ukisogea zinaongezeka. Pili, maumivu yakizidi miezi 3, mara nyingi kidonda chenyewe kimeshapona, ila ubongo na mishipa ya fahamu vimebaki na wasiwasi, kama mbwa wa nyumba iliyowahi kuibiwa: jani likidondoka tu, anabweka.

"Kwa hiyo najiumwisha?"

"Hapana baba, maumivu ni ya kweli kabisa. Ubongo ndio unaoyatengeneza, hata ukikatwa kisu."

Akaniuliza usingizi, madeni, hofu. Nikakumbuka wiki niliyodaiwa na mwenye Fuso: sikubeba hata kiroba, na mgongo uliniua.

Tiba ilianza na sado tupu, ile ndoo ya kupimia viazi. Nainama, nainua, naweka chini, huku napumua taratibu. Baadaye viazi kidogo, kisha nusu. Sharti lake: siku mgongo ukiwa mzuri usizidishe, ukiwa mbaya usiache. Hilo la kutozidisha ndilo gumu, wallahi. Daktari wao aliniongezea amitriptilini kidogo usiku; ni dawa ya sonona, ila kwa dozi ndogo hutumika kutuliza mishipa ya fahamu. Asubuhi mdomo unakauka.

Sijapona asilimia mia. Sado iliyojaa nainua, gunia nawaachia vijana, na diklofenaki nimeachana nayo.

Kasoro: foleni ndefu, bima yangu walikataa, na chumba cha mazoezi mwezi wa 6 ni baridi ya kukunja vidole. Nyota 4.

Ila kama mkojo unakutoka bila kujua, umekufa ganzi sehemu za siri, au miguu inaishiwa nguvu ghafla, usianzie huku. Nenda hospitali kubwa siku hiyohiyo.