Seti ya mkanda wa taimingi yenye pampu ya maji: uzoefu wangu baada ya kuifunga nyumbani

Ndani ya boksi kuna mkanda (unaounganisha krenki, shafti inayozungushwa na pistoni, na kemu, shafti inayofungua valvu), tenshena (kifaa cha kukaza mkanda), puli ya kuelekeza mkanda, pampu ya maji na gasketi yake. Naipendekeza, ila si kwa sababu ya mkanda, maana mkanda mzuri unaweza kuununua peke yake. Thamani ya seti iko kwenye beringi za tenshena na puli. Ukifunga mkanda mpya juu ya tenshena iliyochoka, beringi ikikwama mkanda unaungua au unaruka meno, na kama enjini yako ni ya aina ambayo pistoni hugonga valvu, valvu zitapinda na utaishia kufungua silinda hedi, sehemu ya juu ya enjini yenye valvu. Pampu nayo, ikiwa inazungushwa na mkanda huohuo, ikianza kuvuja baadaye unarudia kazi yote.

Kabla ya kufunga, zungusha tenshena na puli kwa vidole. Za seti hii zilizunguka kimya, kwa uzito kidogo, kama inavyotakiwa kwa beringi yenye grisi ya kutosha. Ukisikia mkwaruzo, rudisha dukani. Mkanda usiukunje, usiugeuze ndani nje, wala usiushike kwa mikono yenye oili. Nyuzi zake za ndani zikikatika, kwa nje huoni kitu.

Kulegeza bolti ya puli ya krenki ndiko kunakotoa jasho. Tafuta kifaa cha kushikilia puli. Usitegemee mkanda wa zamani uizuie krenki isizunguke.

Pistoni ya silinda ya kwanza ikiwa juu kabisa na alama za krenki na kemu zimekaa sawa, anza kuvisha mkanda kwenye krenki, upande usio na tenshena. Uvute ubane, ulegevu wote ubaki upande wa tenshena. Pini inayoizuia tenshena isikaze mkanda ichomoe mwisho. Kisha zungusha krenki kwa spana mizunguko miwili kamili, kuelekea upande enjini inakozungukia. Ikigoma, acha hapohapo, usilazimishe: huenda valvu imekutana na pistoni. Mistari iliyochapwa kwenye mkanda haitalingana tena baada ya mizunguko hiyo, na wengi hushtuka bure. Ile ni ya kufungia tu. Tazama alama za puli zenyewe. Zikipishana hata jino moja, vua uanze upya.

Malalamiko yangu ni mawili. Seti haina sili za oili za krenki na kemu, na sili inayovuja huuharibu mkanda mpya. Nunua kando, uzibadilishe wakati umeshafungua. Pili, karatasi ya maelekezo haina vipimo vya kukaza, kwa hiyo lazima uwe na kitabu cha enjini yako. Bolti za pampu za milimita 6 kwa kawaida hukazwa kwa takriban Nm 10 (nyutoni mita, kipimo cha nguvu ya kukaza) tu. Ukizidisha, uzi wa aluminiamu unang'oka. Gasketi ya zamani ikwangue kwa kipande cha plastiki, si bisibisi.

Ukishajaza kulanti (maji ya kupoozea enjini), washa enjini hita ikiwa kwenye joto la juu mpaka hewa iishe kwenye mfumo, halafu kagua kiwango enjini ikishapoa.

Unapoagiza, taja namba ya enjini, si jina la gari tu. Mkanda ukifika, hesabu meno yake na ya ule wa zamani kabla ya kufunga.