DT 770 Pro kwa Studio ya Chumbani: Sikieni Kliki Inavyovuja

Haya, salaam aleikum jamani, karibuni tena. Leo mezani kuna hedifoni za studio, DT 770 Pro za Beyerdynamic, zile za omu 80 (omu ni kipimo cha ukinzani; namba ikipanda, hedifoni hudai nguvu zaidi). Boksi sitalifungua, picha zake zimejaa mtandaoni. Nataka muone jambo moja tu ambalo wauzaji hawaligusi: kuvuja, yaani sauti ya hedifoni kutoka nje ikaingia kwenye maiki.

Tazameni. Maiki ya kondensa hii hapa, geini, yaani kiwango cha maiki, iko pale pale pa kuimbia. Hedifoni ziko kichwani, biti na kliki (mdundo wa kumshikisha mwimbaji kasi ya wimbo) zinapiga kwa sauti ya kawaida. Narekodi, nanyamaza. Haya, simamisha. Mwaona wimbi? Karibu mstari mtupu. Sasa navaa DT 990 Pro, ndugu yake mwenye mgongo wazi, yaani nyuma ya vikombe sauti inapita. Sauti ile ile, geini ile ile. Ta, ta, ta, ta! Kila kliki imeingia.

Utasema, "Ni ndogo hiyo, biti itaifunika." Ngoja niweke kompresa nipandishe, kama kila mtu anavyofanya na sauti ya mwimbaji. Haya sikia sasa! Kompresa hubana penye nguvu. Ukishapandisha jumla, vidogo vyote vinainuka: pumzi, pangaboi, na hiyo kliki. Ukifika mwisho wa wimbo, ala zimenyamaza, mwimbaji ameshikilia noti peke yake, hapo ndipo utaisikia vizuri. Na kuitoa bila kuharibu noti, thubutu.

Lakini hata hizi DT 770, zenye mgongo uliofungwa, huvuja zikivaliwa ovyo. Mwimbaji akiinua kikombe kimoja ili ajisikie, kikombe hicho kinamwaga kila kitu kwenye maiki. Basi peleka biti na kliki upande unaosikilizwa tu, ule wa pili uwe bubu. Vijiti vinene vya miwani navyo vinaacha mwanya. Na kina dada, mtandio uliokunjwa mara tatu chini ya kikombe, besi inakimbia na kliki inatoka nayo. Acheni tabaka moja nyembamba, au vaeni hedifoni kwanza, mtandio uje juu. Kliki yenyewe pia, ile kali ya "tik" hupenya sana. Chagua nzito, na uishushe kwenye ubeti mtulivu.

Kitu kingine nikipendacho ni mito yake: kitambaa laini, si ngozi bandia. Hapa Mombasa ukizima feni ili urekodi, madirisha umefunga sababu ya tuktuk, masikio yanaloa mara moja. Ngozi bandia haipatani na jasho wala unyevu wa pwani. Inabanduka, vipande vyeusi vinabaki shavuni. Hii unaivua, unaifua kwa mkono, maji vuguvugu na sabuni kidogo, unaianika kivulini mpaka sponji ya ndani ikauke kabisa. Ukiirudisha mbichi itanuka, usije ukanilaumu.

Sasa nigombe. Waya! Mita 3, na hauchomoki. Gurudumu la kiti likiupitia ukakatika ndani, ni kazi ya fundi wa lehemu. Audio-Technica ATH-M50x inakuja na nyaya tatu za kuchomoa, tena fupi imo. Nyumbani mita 3 ni raha, lakini ndani ya matatu ya Bamburi umebeba kamba ya mbuzi.

Za kusikilizia kila siku, basi? Omu 80 simu huzisukuma, ingawa adapta dhaifu ya kuchomekea hedifoni kwenye simu haitazifikisha mbali. Toleo la omu 250 kwa simu msinunue, chukueni la 32. Tatizo langu ni ukali wa juu, karibu na kilohezi 8: "s" na "sh" zinachoma, na taarabu yenye fidla nyingi inachosha. Punguza desibeli 3 au 4 hapo kwenye ikwalaiza. Ukimiksi bila kujua hilo, utakata ukali ambao haumo kwenye wimbo, kisha kwenye spika za watu maneno hayasikiki.

Hedifoni za Bluetooth mnaniulizia kila wiki. Ucheleweshaji wa sauti yake mara nyingi hupita milisekunde 100. Kusikiliza sawa. Kuimbia, hapana, utakuwa unakimbizana na sauti yako mwenyewe.

Bei ikikuzidi, ATH-M40x yatosha. Sony MDR-7506, iliyopo tangu 1991, ni nzuri mno kwa kusikia makosa ya sauti, ila waya wake nao hauchomoki, mito hubanduka, na bandia zake ni nyingi. Popote Moi Avenue utakaponunua, usilipe kabla ya kuzijaribu: cheza wimbo unaoujua, hakikisha kulia na kushoto havijabadilishana, kisha tikisa waya karibu na pini. Sauti ikikatika hata mara moja, rudisha boksi.

Laivu ni Ijumaa baada ya isha, tutapima za mgongo wazi kwa kumiksi. Sabskraibu, maswali yawekeni hapo chini.