Wanakurudishia asilimia 60? Sawa, ila kwanza niambie wamekata ngapi: PokerStars na GGPoker kwa sisi wa meza ndogo

Kila mtu anayeingia poka ya mtandaoni swali lake la kwanza ni saiti gani inarudisha hela nyingi, na kila mtu anajibiwa kwa asilimia, nenda huku wanatoa 30, wee acha nenda kule wanatoa 60. Sijawahi kusikia mtu anauliza 60 ya nini. Mimi nacheza zaidi meza za senti, nikijitutumua sana dola 25 mezani, na kwa mtu wa daraja hilo hii habari ya zawadi inabidi uisome kuanzia mwisho kwenda mwanzo, yani anza na makato ndo uje kwenye bonasi.

Kwa wageni kidogo. Kwenye poka hushindani na nyumba kama kwenye mashine za sloti au mikeka, unashindana na wenzako, kwaiyo mwenye saiti yeye anakula kwa kukata asilimia fulani ya kila poti, yani hela yote mliyoweka katikati ya meza. Hayo makato ndo reki. Halafu mwisho wa wiki au mwezi anakurudishia kipande cha ulichokatwa, hiyo ndo rekibeki, iwe taslimu, pointi, tiketi za mashindano, au lile gurudumu la kuzungusha. Kingine cha kujua ni silingi, yani hata poti iwe kubwa vipi hawakati zaidi ya kiasi fulani.

Sasa PokerStars kwa miaka mingi jedwali lao lilikuwa hivi, meza ya senti 1/2 (yani blaindi, yale madau mawili ya lazima ya kuanzia mkono, ni senti 1 na senti 2) wanakata asilimia 3.5, senti 2/5 asilimia 4.15, senti 5/10 asilimia 4.5, halafu huko juu zaidi ndo inafika 5 kamili. GGPoker wao ni 5 toka chini kabisa. Ukichukua poti ya dola 4 kwenye meza ya senti 5/10, Stars wanakula senti 18, GG wanakula senti 20. Utasema senti 2 si kitu. Aisee ni kitu. Kwenye hizi meza mtu anayepata faida ya blaindi 5 kwa kila mikono 100 tunamuita fundi, na huyo huyo fundi reki anayolipa mara nyingi ni kubwa kuliko faida anayobaki nayo, kwaiyo hizo senti mbili mbili zinatoka kwenye mfuko wake sio kwenye hewa. Ukishuka mpaka senti 1/2 pengo ndo linakuwa baya, 3.5 dhidi ya 5, yani wa kwanza akikukata dola 7 mwenzake kwa poti zile zile amekukata 10. Huyo wa pili inabidi akurudishie asilimia 30 ndo mlingane tu, hapo hajakuzawadia chochote bado.

Na silingi ndo sehemu ambayo matangazo hayaigusi kabisa. Kwenye senti 5/10 Stars silingi yao meza ikijaa ilikuwa dola 1.50. Piga hesabu, ili ifikie dola 1.50 kwa asilimia 4.5 poti inatakiwa ivuke dola 33. Meza hiyo watu wanakaa na dola 10 kila mmoja! Wawili wakisukuma zote kati poti ni dola 20 na ushee, kwaiyo hiyo silingi ipo kwenye karatasi, wewe ni nadra sana uiguse. Panda sasa kwenye meza ya dola 1/2, tuseme silingi ni dola 3 na makato 5, inafikiwa poti ikigonga dola 60 tu, na kwa meza ile dola 60 ni poti ya kawaida kabisa. Jamaa wawili wakiweka dola 200 200 wamekatwa dola 3 kwenye dola 400, haifiki hata asilimia moja. Mimi wa senti nakatwa 4.5 kamili. Yani mwenye nacho anakatwa kidogo, na huyo huyo ndo anapewa ngazi ya juu kwenye zawadi kwa sababu kwa idadi ya dola amelipa nyingi. Mambo ya dunia.

Kuna kitu kingine cha GG ambacho wengi wanakuja kukishtukia baadae. Desturi ya zamani kwenye poka ni kwamba flopu, yani zile karata tatu za kwanza za wote mezani, isipotoka hakuna makato, mmepandishiana weee wote wakakimbia, aliyebaki anachukua poti nzima. GG poti ikishapandishwa halafu mtu akaipandisha tena juu yake, wanakata hata kama flopu haijaonekana. Sasa wachezaji wakali ndo wanaopandishiana sana kabla ya flopu, kwaiyo ukijifunza kucheza vizuri unaanza kulipa zaidi. Hii kwenye bango lao la asilimia 60 haipo.

Haya, tuje kwenye zawadi zenyewe.

GG walijulikana kwa Fish Buffet, ngazi ngazi zenye majina ya samaki, ulikuwa unajaza mstari wako ukifika mwisho unazungusha gurudumu. Gurudumu lenyewe ndo lilikuwa tatizo langu. Asilimia ya ngazi yako ilikuwa wastani tu, ukizungusha leo unapata kidogo kesho unapata kidogo keshokutwa kubwa, na wastani huo unakuja ukicheza muda mrefu sana. Halafu kuna ile inayoitwa PVI, kipimo cha thamani ya mchezaji. Kwa maneno ya mtaani, wanaangalia kama wewe ni mtu wa kupoteza au mtu wa kushinda, ukiwa wa kushinda na kutoa hela nje, rekibeki yako inapunguzwa kwenye hesabu. Sio siri, wameliweka kwenye maelezo yao. Mimi kibiashara nawaelewa, wanataka hela ikae kwa wale wanaokuja kujifurahisha ili meza zisife, na kweli ukiingia GG meza zao zina watu laini wengi, wanacheza karata yoyote, wanafuata mpaka mwisho. Hilo siwezi kuwanyima. Kuna wakati meza laini inakulipa kuliko rekibeki yoyote. Ila basi usije kumwambia mtu kwamba anapata 60 wakati yeye ni mshindi, hapati.

PokerStars nao wana historia yao na sio nzuri. Zamani walikuwa na ngazi inaitwa Supernova Elite, ilitaka pointi milioni moja kwa mwaka. Kila dola ya reki ilikuwa inakupa pointi 5.5, kwaiyo ukigawanya ni kama dola 181,800 za makato ndani ya mwaka mmoja. Watu walikuwa wanacheza meza 20 na zaidi kwa wakati mmoja, wanalala na mauzi mkononi, wengine kwenye meza zenyewe hawashindi chochote, wanaishi kwa zawadi. Na ahadi ilikuwa ukifika mwaka huu unakula matunda mwaka huu na mwaka unaofuata. Mwaka 2014 kampuni ya Amaya ya Kanada ikainunua Stars kwa dola bilioni 4.9, halafu Novemba 2015, watu wamebakiza kama miezi miwili tu wamalize mwaka, likatoka tangazo kwamba kuanzia Januari 2016 zile faida zinakatwa. Hata kwa waliokwisha kuzifanyia kazi. Wachezaji wakagoma kuanzia tarehe 1 mpaka 3 Desemba, wakakaa pembeni hawachezi, kesi zikafuata. Uamuzi haukubadilika.

Ndo maana mimi zawadi ya kulipwa mwakani siihesabu. Inayoingia wiki hii nahesabu, ya mwezi huu nahesabu nusu nusu, ya mwaka ujao nakuachia wewe.

Mwaka 2017 Stars walihamia kwenye masanduku, unacheza unajaza mstari unafungua sanduku unakuta kitu. Ni gurudumu lile lile limevalishwa nguo nyingine. Kwa mchezaji wa senti sanduku unalokutana nalo ni la senti, unalifungua kwa mbwembwe na muziki halafu ndani kuna hela ya pipi. Ila kwa sababu makato ya chini kwa jedwali lile ni madogo kidogo, kwa meza ya senti 1/2 mpaka 5/10 mimi hesabu yangu inaangukia Stars. Juu ya hapo, makato yakishalingana 5 kwa 5, hapo swali linakuwa meza gani ina watu laini, na hapo GG anamuacha mwenzie mbali tu.

Walikuwepo waliojaribu kuifanya vingine. Phil Galfond, yule Mmarekani bingwa wa Omaha (poka ya karata nne mkononi), alifungua saiti yake Run It Once mwaka 2019, akasema sitaki ngazi sitaki masanduku, asilimia 51 ya reki inarudi kwa kumwagwa mezani, yani mnacheza tu ghafla saiti inatupia hela kwenye poti kabla karata hazijagawiwa, mwenye kushinda mkono huo kabeba. Wazo zuri sana kwangu, maana hakuna haja ya kucheza masaa 14 ili ufike ngazi, na mtu wa kujifurahisha anaiona hela kwa macho yake. Ikafungwa Januari 2022, watu hawakufika wa kutosha. Hesabu nzuri bila watu mezani haikusaidii.

Na kuna Full Tilt, saiti nyingine ya zamani. Hawa walikuwa na rekibeki safi kabisa, asilimia 27 bapa, hakuna gurudumu hakuna samaki, wengi tunaiona kama mfano mpaka leo. Tarehe 15 Aprili 2011 serikali ya Marekani ikawashukia, ikaja kujulikana wanadaiwa na wachezaji kama dola milioni 390 wakati benki wana kama milioni 60. Hela za wachezaji zilishatumika. Stars ndo waliokuja kuinunua 2012 na wateja wakaanza kulipwa, Wamarekani wakasubiri mpaka 2014. Kwaiyo kabla hujaniuliza asilimia, angalia leseni ni ya wapi na kama wanasema wazi kwamba hela ya mteja inakaa akaunti tofauti na ya kampuni.

Mashindano nitapita haraka maana hesabu yake ni nyepesi. Ukiona 10+1, dola 10 inaenda kwenye zawadi na 1 ni ya nyumba, kwaiyo unalipa kama asilimia 9.1 ya ulichotoa. 100+9 ni kama 8.3, 200+15 ni 7. Tena unaona, wa chini ndo anakamuliwa. Sunday Million ya Stars ilishushwa kutoka dola 215 kuwa 109 mwaka 2019, watu wakashangilia bei imeshuka, na kweli imeshuka, ila sehemu ya nyumba kwa asilimia imepanda.

Halafu kuna makato ambayo hayaitwi makato. Mimi nipo Uingereza, nalipwa paundi. Ukiweka paundi kwenye akaunti ya dola kuna kiwango cha kubadilishia, ukitoa kinakukuta tena, kuna saiti moja sitaitaja jina nilikuta kiwango chao kipo chini ya cha benki kwa kama asilimia 2.5, kwenda na kurudi ni 5, rekibeki ya wiki kadhaa imekufa hapo bila kucheza mkono hata mmoja. Stars unaweza kuweka pochi ya paundi ukaiacha ikae paundi, ila ukikaa meza ya dola itabadilishwa, kwaiyo ukipata kiwango kizuri sehemu nyingine badilisha kwa mkupuo mmoja uache humo humo. Kwa huku kadi ya kredit haikubaliwi kwa kamari tangu Aprili 2020, debit tu, na ushindi wa poka mchezaji halipi kodi. Ukiwa Bongo au Kenya mambo ni tofauti, kodi zenu zipo, na M-Pesa inayoingia kirahisi kwenye mikeka usitegemee kuikuta kwenye saiti hizi, mara nyingi ni pochi kama Skrill na Neteller au kripto, kila moja na ada yake ya kuingiza, kubadilisha na kutoa. Na angalia kwanza kama wanapokea watu wa nchi yako, maana kujificha na VPN ukishinda hela ya maana ndo siku wanakudai pasipoti.

Kabla hujajiunga popote waandikie sapoti maswali mawili. La kwanza, reki wananihesabiaje. Zamani saiti nyingi zilikuwa zinagawanya sawa kwa kila aliyegawiwa karata, hata ukitupa kila mkono unapata pointi. Stars waliacha hiyo Januari 2012 wakahamia kwenye kuhesabu kwa kiasi ulichoweka kwenye poti, watu wa kukaa kimya wakisubiri karata nzuri wakalia sana, mpaka wawakilishi wa wachezaji wakaitwa ofisini kwao kule Isle of Man. Kama wewe ni mtu wa kutupa karata sana hii inakuhusu. La pili, hiyo asilimia ni ya reki yote au ni ya reki baada ya kutoa bonasi niliyokwisha pewa. Hapo ndo wanapokuibukia, umepewa dola 40 za kukukaribisha, umelipa reki 100, wewe unasubiri 30 ya mia, wao wanakupa 30 ya sitini ambayo ni dola 18. Wakikujibu kwa kukutumia linki ya masharti yenye kurasa 30 bila kusema ndio au hapana, mimi huwa sirudi tena kuuliza.